Kibali cha Kumzika Onesmo

Sehemu ya Saba

Kidole cha karani kilikuwa bado juu ya mstari wa kumi na tisa, pale pale tulipokiacha wiki iliyopita. Na Pelagia Wambura alikuwa bado amesimama mbele ya meza hiyo, katika ofisi moja ya kata huko Bunda.

"Mama," karani alirudia, "kwa nini unaomba taarifa ambayo unayo? Aliyechukua kibali cha kumzika ndugu yako ni wewe."

Pelagia aliinama juu ya daftari. Ameshona sare za shule miaka ishirini na minane. Macho yake bado yanaona tundu la sindano bila miwani. Aliyaona maandishi vizuri kabisa.

Onesmo Wambura. Mwanaume, miaka thelathini na minane. Ajali ya gari. Tarehe 14 Agosti 2016. Mahali pa maziko: Butiama. Aliyechukua kibali: Pelagia Wambura, dada wa marehemu.

Na mwisho wa mstari, sahihi.

"Mzee Nathanieli," alisema polepole, "mimi sijawahi kuingia ofisi hii mpaka leo asubuhi."

Karani alivua miwani yake. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu, na katika miaka yake yote ya kutunza madaftari hakuwa amekutana na jambo la namna hiyo.

"Basi kuna mtu aliingia akiwa wewe," alisema.

Pelagia akakaa bila kukaribishwa.

Wewe unayeanza nasi leo, ujue hivi. Onesmo ni mdogo wake wa mwisho, aliyembeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado msichana wa shule. Mwaka 2013 Onesmo aliondoka nyumbani kwa mama yao Bukima na begi moja la nguo, hakuonekana tena. Hakuna simu. Hakuna barua. Pelagia, mjane asiye na mtoto, akabaki katika chumba chake cha kupanga Nyasho, mjini Musoma, yeye na cherehani.

Kila Novemba alikwenda kuandikisha majina ya misa, na kila Novemba katibu wa parokia alimwuliza swali lile lile: "Huyu Onesmo nimweke kwa wazima au kwa marehemu?" Pelagia alikuwa akijibu, "Mwache kwanza."

Mwezi uliopita muuza dagaa wa soko la Mwigobero, bila kujua anaongea na nani, alimsimulia habari za utingo mmoja wa lori aitwaye Onesmo, mtu wa Bukima, aliyekufa zamani kwenye barabara ya Bunda. Pelagia aliacha dagaa wake pale pale. Akaenda hospitali, akaelekezwa wilayani. Wilayani wakamwambia vibali vya mazishi vya zamani viko kata. Akaandika barua ya kuomba kumbukumbu, akajaza fomu, akaambiwa sheria inawapa siku thelathini.

Siku ya ishirini na sita Nathanieli akampigia simu. Ndiyo sababu yuko hapa.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mtendaji wa kata, mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, koti jeusi, funguo mkononi. Jina lake Stellah.

"Mama amepata alichoomba?"

"Amepata," alisema Nathanieli. "Sasa anaulizia aliyesaini."

Stellah alilivuta daftari, akasoma mstari, akasoma fomu ya Pelagia. Akaangalia huku, akaangalia kule. Hakuwa mtu wa kuchelewa kuelewa.

"Mama, sikiliza vizuri. Umeomba habari za ndugu yako, nakala utapewa, hiyo ni haki yako. Ila hapa pembeni kuna namba ya simu ya aliyesaini. Hiyo ni yake binafsi. Kama uliyesaini ni wewe, unaomba namba yako mwenyewe, sina neno. Kama siyo wewe, naifunika. Halafu nawapigia polisi, maana kuna mtu alidanganya serikali ili apewe maiti. Wakimpata anafungwa."

Aliweka kiganja juu ya namba.

"Nijibu mara moja tu. Ni wewe, au siyo wewe?"

Pelagia alitazama kile kiganja.

Chini yake kulikuwa na mtu. Mtu huyo aliiba jina lake, sawa. Lakini mtu huyo alikuwepo. Siku Onesmo amelala chumba cha maiti, yeye Pelagia alikuwa Nyasho anapindia sketi za watoto wa watu, hajui lolote. Mwizi huyu ndiye aliyesimama hapa, kwenye saruji hii hii, akasema: ni wangu, nipeni nikamzike.

Polisi wakianza kumtafuta, atakimbia. Na akikimbia, hakuna mwingine duniani wa kumwuliza.

"Ni mimi," alisema Pelagia.

Nathanieli alikohoa, akageukia dirishani.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Nilikuwa nimechanganyikiwa na msiba. Mtu kwenye msiba anasahaugaga hata alikotia sahihi."

Stellah alisukuma mbele kitabu cha kupokelea nyaraka, akaweka kalamu juu yake.

"Saini hapa, nikupe nakala yako."

Hapo ndipo Pelagia alipojua ameingia wapi.

Sahihi ya daftarini ilikuwa na P kubwa yenye mkia, na herufi za mwisho zimelala kama zimechoka. Yeye husaini kwa herufi nyoofu, kama alivyofundishwa na masista. Alishika kalamu. Kwa miaka ishirini na minane mkono wake umefuata mistari ya chaki iliyochorwa na watu wengine. Akaifuata na hii. Akaandika jina lake mwenyewe kama anavyoliandika mtu asiyemjua.

P ikatoka kubwa mno. Mkia ukapinda.

Stellah alichukua kitabu, akakiweka kando ya daftari. Alilinganisha kwa muda mrefu. Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki, haiwaki, anajaribu tena.

"Zinafanana?" aliuliza Nathanieli, bado anatazama dirisha.

"Hazifanani hata kidogo."

Pelagia alifumba macho.

"Lakini hata sahihi yangu ya chuo haifanani na ya leo," alisema Stellah. Akabonyeza muhuri kwenye wino, akaugonga juu ya nakala, puu! "Miaka tisa ni mingi. Chukua, mama."

Pelagia alipofika mlangoni, sauti ya mtendaji ilimfuata.

"Na ukimpata huyo mwenzio, mwambie asirudie."

Nathanieli alimsindikiza mpaka barazani. Alikuwa ameshika ile fomu ya maombi, anaipapasa kama mtu mwenye neno linalomkwama.

"Mama, samahani. Hapa pameandikwa 'mtu wa karibu wa kuwasiliana naye tukikukosa'. Wewe umeandika namba yako mwenyewe."

"Ndiyo niliyonayo, mzee."

Mzee wa watu alitikisa kichwa.

Pelagia alisimama kando ya ukuta, nakala imekunjwa kifuani, simu mkononi. Akaanza kubonyeza ile namba, tarakimu moja moja, akisoma kwa sauti ya chini. Sifuri. Saba. Alikuwa ameshapanga maneno: shikamoo, mimi ni mtu usiyenijua, usiogope, sikukutafuta kwa ubaya.

Alipofika tarakimu ya nane, simu ikamalizia yenyewe.

Jina likatokea kwenye kioo.

KAKA MAGESA.

Alidhani amekosea. Akafuta zote, akaanza upya, safari hii anaweka kidole kwenye karatasi asiruke hata moja. Jina likarudi. Kaka Magesa, mkubwa wao, mtoto wa kwanza wa mama yao, mfugaji wa Butiama. Magesa ambaye kila Krismasi humpigia simu, humwuliza afya, na akiulizwa habari za Onesmo hujibu, "Sijui, dada. Mungu ndiye anajua."

Simu ikaita mara moja. Pelagia akaikata.

Akapanda gari la kwenda Musoma, akashuka Makutano, akachukua bodaboda mpaka Butiama. Njia nzima dereva alimsemesha. Hakuambulia hata "eeh".

Magesa alikuwa peke yake nyumbani. Mkewe alikwenda kwenye sala za jumuiya. Yeye alikuwa anamfunga ndama kwenye kigingi. Alipoinua uso na kumwona dada yake anashuka kwenye pikipiki, alifurahi kwanza. Halafu akamwona alivyosimama.

"Karibu, dada. Mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga. Nikakata."

Akampa ile karatasi.

Magesa alisoma kwa kuchezesha midomo, kama wanavyosoma wazee waliomaliza darasa la saba zamani. Alifika kwenye jina la Onesmo, akaendelea. Alifika kwenye jina la Pelagia, akaendelea. Alifika kwenye namba ya simu, akaishia hapo.

Ndama alichomoka kwenye kamba, akaenda zake. Hakuna aliyemfuata.

"Kaka," alisema Pelagia, "nioneshe kaburi la Onesmo."

Alitegemea abishe. Alitegemea aseme karatasi ni ya uongo, serikali imekosea. Magesa aliingia ndani, akatoka na kofia kichwani, akatangulia mbele. Pelagia akafuata.

Walipita zizi, wakapita yale mawe makubwa wanakoanikia mtama, wakafika kwenye uzio wa minyaa alipolala baba yao. Kando ya baba palikuwa na kaburi jingine. Limezungushiwa mawe madogo. Limepaliliwa, halina hata jani. Msalaba hakuna.

Mara ya mwisho Pelagia kufika sehemu hii alikuwa bado na mume. Hakujua. Nani angemwambia?

Alipiga magoti.

Alianza na Baba Yetu, ikamshinda katikati. Basi akaongea tu. Alimwambia Onesmo nani kaolewa na nani kafariki. Alimwambia shule aliyosoma Bukima imepauliwa upya, na yule mwalimu aliyekuwa akimchapa alistaafu, amekuwa mpole, anafuga sungura. Alimwambia ukweli kwamba usiku huwa anapika ugali wa watu wawili, mkono umezoea, na asubuhi anaula uliolala.

Alimwambia nisamehe. Alilirudia hilo mara nyingi.

Nyuma yake Magesa alikuwa amesimama, kofia mkononi. Alivumilia alivyoweza.

"Dada, inuka."

"Niache, kaka."

"Inuka, nakuomba. Unaongea na mgomba."

Pelagia aligeuka.

"Unasema?"

"Humo ndani hamna mtu. Nilizika shina la mgomba. Onesmo hakufikaga hapa."

Wasomaji wangu, kuna maneno ambayo mtu huyasikia, na bado inabidi ayasubiri yamfikie. Pelagia alibaki amepiga magoti, mikono yote miwili kwenye udongo, anamtazama kaka yake kuanzia miguuni mpaka kichwani kama anamtafutia mahali pa kumshika.

"Kaa chini uniambie," alisema mwishowe. "Yote."

Magesa akakaa juu ya jiwe.

"Kuna mwanamke alinipigiaga kutoka Bunda. Mwezi wa nane, mwaka huo. Akasema anaitwa Matrida, anaishi na Onesmo, mwaka wa pili, ndoa bado. Analia. Anasema lori limeua watu, mmoja amekutwa na kadi ya kura ya Onesmo mfukoni. Anataka achukue kibali na mwili, lakini wanataka ndugu wa damu. Mimi nilikuwa na malaria, kukaa kwenye gari siwezi. Nikamwambia, wewe si ni mwanamke? Andika jina la dada yetu. Weka namba yangu. Mlete nyumbani, mimi nachimba."

"Ukachimba."

"Nikachimba na homa yangu. Nikangoja siku ya kwanza. Siku ya pili. Simu yake inaita, hapokei. Siku ya tatu ikaingia meseji moja. Imeandikwa, 'Shemeji, usimngoje.' Basi. Nikipiga, simu imezimwa. Mpaka leo imezimwa."

"Usimngoje."

"Nikajua wamemzika kwingine. Labda kwa watu wa huyo mwanamke. Sasa shimo liko wazi, na kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi. Nikakata mgomba. Msalaba ningeandika jina la nani?"

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Pelagia alijifuta udongo kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Kwa nini hukuniita, kaka? Siku ya kwanza kabisa, ulipopigiwa. Kwa nini hukuniita mimi?"

Magesa aliizungusha kofia mkononi.

"Huyo mwanamke hakukuuliza dada mwenyewe yuko wapi?"

"Aliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema andika tu jina, yeye mwenyewe hatakuja."

"Magesa!"

"Uliniambia nisikuite!" Alisimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. "Msiba wa mama, Bukima. Tumemzika Jumanne, Onesmo akafika Alhamisi na vumbi la lori. Ulisimama mlangoni, ukamzuia asiingie. Watu wote wapo. Ukasema, 'Mimi Onesmo nimemzika juzi pamoja na mama. Huyu siku akifa, msiniite.' Ulisema wewe. Kwa mdomo wako."

Pelagia alifungua kinywa kukataa.

Akakifunga.

Alikumbuka mlango. Alikumbuka mikono yake mwenyewe imeshika fremu huku na huku, na Onesmo nje, begi begani, anasema, "Dada, lori lilikatika ekseli Singida. Dada, nisikilize." Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amejisimulia habari hiyo vingine: kwamba Onesmo aliondoka. Mdogo wake aliondoka bila kuaga. Hivyo ndivyo alivyowaambia majirani Nyasho, hivyo ndivyo alivyomwambia padri.

Hakuwa ameondoka. Alifukuzwa.

"Lilikuwa neno la msiba," alisema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Mtu hashikwi kwa neno la msiba."

"Nilikuwaga nataka nikwambie. Kila Krismasi. Nikisikia unavyouliza, 'Kaka, hujasikia lolote?', nashindwa. Nitakwambia nini? Kwamba amekufa, na alipozikwa sipajui?"

"Miaka tisa unapalilia mgomba."

"Miaka tisa."

"Na mimi niko Nyasho, nauliza watu wasiomjua."

Walikuwa wawili tu waliobaki katika nyumba ya watoto watano, wako hatua tatu mmoja kutoka kwa mwenzake, na hakuna aliyejua namna ya kuzivuka.

Simu ya Pelagia ikaita.

Namba ya Bunda. Alitaka kuiacha, lakini mkono ulikuwa umeshabonyeza.

"Mama Pelagia? Ni Nathanieli, wa kata. Uko wapi?"

"Niko Butiama, mzee. Nimeshafika kaburini."



"Kaburini kwa nani, mama?"

Sauti ya mzee ilikuwa ya haraka, si ile ya asubuhi. Pelagia aliiweka simu wazi ili na Magesa asikie.

"Mama, nina kosa, uniwie radhi. Nilikuwa narudisha daftari kabatini, likanidondoka. Likafunguka kwa nyuma. Unajua, zamani vibali vilivyorudishwa bila kutumika walikuwa wanaviandika nyuma, wanaanzia jalada la mwisho. Mimi nilihamia hapa mwaka 2019, sikujua. Kibali cha ndugu yako kimo."

"Kimo vipi?"

"Kilirudishwa, mama. Tarehe 17 Agosti. Siku tatu baadaye."

Magesa alisogea. Sasa walikuwa wamekaribiana, vichwa viwili juu ya simu moja.

"Mwanamke alikirudisha?" aliuliza Magesa.

"Huyo nani anaongea?"

"Kaka yangu," alisema Pelagia. "Jibu, mzee. Ni huyo mwanamke?"

"Hapana. Nasoma kama ilivyo, ili nisiongeze langu." Karatasi ilisikika ikifunuliwa. "Sababu ya kurudisha: 'Aliyeandikwa marehemu amefika ofisini mwenyewe. Kadi yake ilikuwa kwa mwenzake.' Jina la aliyerudisha: Onesmo Wambura. Sahihi ipo."



Pelagia hakulia, hakupiga kelele. Alitazama lile tuta lililopaliliwa, halafu akatazama simu, halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa:

"Mzima?"

"Mama, maiti hairudishi kibali."

"Kweli mzima."

"Siku hiyo alikuwa mzima kama mimi. Na kaandika makazi. Mwigobero, Musoma."

Mwigobero! Mwendo wa miguu kutoka Nyasho. Sokoni anakonunua dagaa kila Jumamosi. Pelagia alikuwa amesimama tayari, khanga imejaa udongo, anatafuta kiatu kimoja kilichomtoka mguuni. Alikuwa anacheka. Magesa hakuwa amemsikia akicheka tangu mama yao akiwa hai.

"Kaka, ita bodaboda. Ita haraka, nitalala Mwigobero. Nitauliza mlango kwa mlango."

"Mama, subiri," alisema Nathanieli.

"Asante, mzee. Mungu akubariki, mzee, wewe na watoto wako..."

"Mama. Kuna mstari mmoja umebaki."

Pelagia alisimama, kiatu mkononi.

"Mtendaji wa wakati ule alimwuliza kama ofisi iwajulishe ndugu kwamba yu hai. Jibu limeandikwa. Sijui kama nikusomee."

"Nisomee."

"'Kaka ataambiwa. Dada asijulishwe. Alishanizika.'"

Upepo ulipita kwenye minyaa. Magesa aliinamisha uso. Sasa alikuwa ameielewa ile meseji ya maneno mawili, miaka tisa baada ya kuisoma: hapakuwa na maiti ya kungoja.

Pelagia hakukata simu.

"Mzee," aliuliza, "huo mstari kauandika nani? Mtendaji, au yeye?"

Nathanieli aliisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Wino ni ule wa sahihi, mama. Kaandika mwenyewe."